Nani Ataandika Historia ya Hospitali ya Msambweni, na kwa Lugha Gani?

Kusini mwa pwani ya Kenya, yapata kilomita 50 kutoka kivuko cha Likoni, upo mji mdogo ambao jina lake limechapishwa katika majarida ya tiba ya ulimwengu mara nyingi ajabu. Mji huo ni Msambweni. Mikojo ya watoto wa vijiji vyake imepimwa, mayai ya kichocho yaliyomo yakahesabiwa, na hesabu hizo zikajadiliwa Cleveland, Marekani. Damu yao imetafutwa virusi vya dengue na chikungunya na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakishirikiana na wenzao wa Kenya. Upande wa bara wa iliyokuwa Wilaya ya Kwale, wataalamu wa Nagasaki, Japani, walianza kuwahesabu konokono wa mitoni tangu miaka ya 1980. Ama mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kusoma, kwa lugha hii tunayoitetea kila siku katika makongamano, habari za hospitali ya umma iliyo katikati ya shughuli zote hizo, atatafuta mpaka achoke.

Makala haya yana dai moja. Historia ya hospitali kama ile ya Msambweni ni kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili kabla haijawa kazi ya daktari au ya mwanahistoria, kwa sababu sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika maneno. Namna mgonjwa alivyoutaja ugonjwa wake, namna muuguzi alivyomfasiria, namna karani alivyoyaandika hayo daftarini kwa lugha nyingine kabisa, na namna malipo ya matibabu yalivyopewa jina jipya kila baada ya miaka michache: hayo yameamua nani atibiwe mapema na nani achelewe. Wapo watakaosema kwamba tumevuka mpaka wa taaluma yetu. Tutawajibu baadaye.

Tuanze na yale yasiyo na ubishi. Ukanda huu uliingia katika utawala wa Waingereza kwa vita. Mwaka 1895, Uingereza ilipotangaza himaya yake katika Afrika Mashariki, Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyekuwa na makao yake Gazi, kaskazini kidogo mwa Msambweni, alishika silaha, na vita hivyo havikutulia hadi 1896 alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Tiba ya kizungu ilifuata nyuma ya bunduki na kodi. Wala haikuja kwa usawa. Katika Kenya ya kikoloni palikuwa na hospitali za Wazungu, hospitali za Wahindi na hospitali za Waafrika, na ya mwisho iliitwa na wakubwa hospitali ya "wenyeji". Neno hilo ni mfano mzuri wa hiana ya tafsiri. Kwa Kiswahili, mwenyeji ndiye mwenye nyumba, anayemkaribisha mgeni na kumpa maji ya kunawa. Katika kinywa cha mtawala wa siku zile, neno lililofasiriwa hivyo lilimaanisha mtu wa daraja la chini kabisa. Hivyo mgonjwa wa Kidigo aliitwa mwenyeji mahali ambapo hakuwa na amri hata ya kuchagua kitanda.

Wazee wengi wa pwani, tukumbuke, hawasemi hospitali. Husema sipitali. Tamko hilo halimo katika daftari la wizara, na mwalimu wa sarufi atalisahihisha kwa wino mwekundu, ilhali ndilo lililotumiwa na watu waliobebwa kwa vitanda vya kamba hadi mlangoni pa majengo yale. Miaka ya 1920, idara ya tiba ya kikoloni ilipopiga vita safura huku pwani na kuwahimiza watu wachimbe vyoo, kazi ilikuwa nusu ya dawa na nusu ya maneno: ilibidi mtu aaminishwe kwamba uchovu wake, weupe wa viganja vyake na udongo aliokanyaga pekupeku ni habari moja. Nani aliyafasiri maneno hayo? Ripoti za madaktari hutaja majina ya madaktari. Wakalimani wao hawana majina.

Baada ya uhuru wa 1963 mambo yalibadilika upesi kwa upande mmoja. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada ya wagonjwa wa nje, na neno "bure" likaingia katika msamiati wa hospitali. Msambweni ikawa hospitali ya wilaya, na baada ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013 ikawa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kwale. Pembeni yake pana tawi la Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, linalotoa wahudumu wa afya. Watu nao hawakusubiri. Wilaya ya Kwale ilikuwa na wakazi 496,133 katika sensa ya 1999. Sensa ya 2019 ilihesabu 866,820 katika Kaunti ya Kwale. Baadhi ya watu wa nyongeza hiyo wamejazana Ukunda na Diani, mahali palipokuwa vijiji na mashamba ya minazi na sasa ni mji wenye msongamano, wenye hospitali za kibinafsi karibu na barabara ya mahoteli na wenye wafanyakazi wa mahoteli hayo ambao, wakiugua, hupanda matatu kuelekea kusini.

Hapa niseme neno la pembeni ambalo limenikaa rohoni. Diani, mtalii kutoka Hamburg akishikwa na tumbo usiku, hakosi mtu wa kumsikiliza kwa Kijerumani. Vijana wetu wa ufuoni wamejifunza Kijerumani na Kiitaliano bila darasa, kwa sababu kipo chakula ndani yake. Bibi kutoka kijiji cha nyuma ya hoteli hiyo hiyo, ambaye Kidigo chake ni kizuri na Kiswahili chake ni cha sokoni, hana uhakika huo anapoingia hospitali yoyote ya umma nchini.

Turudi kwenye neno rufaa, maana limebeba mengi. Kwa watu wa kawaida rufaa ni jambo la mahakamani: umeshindwa kesi huku chini, unapeleka juu. Katika tiba limechukuliwa kwa maana ya mgonjwa kupelekwa hospitali kubwa zaidi. Si uteuzi mbaya wa istilahi, kwani mzizi wake wa Kiarabu ni kuinua. Lakini msikilize mama anayeambiwa kwamba mwanawe "amepewa rufaa ya Mombasa". Anasikia hukumu. Na kwa miaka mingi palikuwa na sababu ya kusikia hivyo, kwa kuwa baina ya Kwale na Hospitali Kuu ya Pwani ilikuwapo bahari, na juu ya bahari hiyo ilikuwapo feri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa karibu na nchi kavu. Hata siku za usalama, gari la wagonjwa liliingia katika hesabu za maji kupwa na kujaa, na za injini iliyoharibika. Barabara ya Dongo Kundu sasa inamwezesha mtu kwenda bara bila kuvuka kwa feri. Ila msamiati wa hofu haufi siku barabara inapofunguliwa, na mwanaisimu atakayekwenda Tiwi au Kinondo leo na kuuliza maana ya "kuvushwa" huenda akapata zaidi ya ilivyo kamusini.

Sasa tuje kwenye kichocho, maana hapo ndipo Msambweni ilipopata umaarufu wake na ndipo hoja yetu inaposimama imara zaidi.

Kichocho husababishwa na minyoo wanaoishi katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mayai yao hutoka na mkojo. Yakifika kwenye maji yaliyotulia huanguliwa, vijidudu vikaingia ndani ya konokono, vikaongezeka humo, kisha vikatoka na kumtafuta mtu aliyesimama majini ili vipenye ngozi yake. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwagundua minyoo hao mjini Cairo mwaka 1851. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Cleveland pamoja na Wizara ya Afya ya Kenya walianza kuwapima na kuwatibu watoto wa shule katika eneo la Msambweni, wakilinganisha dawa mbili, metrifoneti na prazikwanteli. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 1988. Mwaka 2006 ikatoka makala iliyofuatilia mpango wa matibabu shuleni uliodumu miaka 9, na moja ya mambo iliyoyaonyesha ni kwamba mahali anapoishi mtoto palikuwa na uzito mkubwa katika kuamua kama ataambukizwa tena baada ya kutibiwa. Mabwawa ya vijiji kama Milalani na Nganja yalichorwa katika ramani pamoja na nyumba na konokono. Wajapani nao, pamoja na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoundwa mwaka 1979, walichunguza upande wao wa Kwale kama dawa ikiambatana na maji ya mfereji inapunguza maambukizi.

Hiyo ni elimu adhimu, na mtoto aliyemeza prazikwanteli alipona kweli. Mgala muuwe na haki yake mpe. Kanuni za utafiti katika nchi hii humtaka mtafiti amweleze mshiriki kwa lugha anayoielewa, na wafanyakazi wa vijijini waliozunguka na vikopo vya mkojo walikuwa watu wa huku huku. Hata hivyo tutazame safari ya maneno. Maelezo huenda kwa mgonjwa kwa Kiswahili au Kidigo, siku moja, barazani, ridhaa hutiwa sahihi, mkojo huchukuliwa. Matokeo hurudi baada ya miaka kadhaa, kwa Kiingereza, katika jarida ambalo baraza ile haitaliona. Maneno yalikwenda kwa Kiswahili na hayakurudi kwa Kiswahili.

Na hasara yake si ya heshima peke yake. Kamusi zetu hulieleza neno kichocho kwa dalili: ugonjwa unaomfanya mtu akojoe damu. Daktari anapolitumia neno hilo hilo ana minyoo akilini. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kwa mwalimu wa leksikografia, lakini mfuate mgonjwa nyumbani. Damu ikikoma kuonekana, kwa mujibu wa neno lake kichocho kimekwisha. Kwa mujibu wa daktari, minyoo huenda wamo bado na mayai yanaendelea kukijeruhi kibofu. Katika nchi kadhaa za Afrika imeelezwa kwamba mkojo mwekundu wa mvulana ulichukuliwa kuwa ni dalili ya kukua tu. Mahali kama hapo, kumwambia mzazi "mwanao ana kichocho" ni kumpa habari asiyoona haja ya kuishughulikia.

Tatizo ni zito zaidi kwa wanawake. Mayai ya minyoo hao huweza kukwama katika viungo vya uzazi na kuleta vidonda, maumivu na kutokwa damu, na dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo cha picha ili wahudumu wa afya waweze kuutambua ugonjwa huo. Je, sisi tunauitaje? Wengine husema kichocho cha sehemu za uzazi, jina linalotamkika kwenye warsha na kumfunga mtu ulimi mbele ya mama mkwe. Bila neno lenye staha linalozunguka vijijini, mwanamke aliyechota maji bwawani hudhaniwa ameyatafuta maradhi kitandani. Ndoa huvunjika kwa upungufu wa istilahi. Sidhani tumewahi kufundishwa hivyo katika somo la uundaji wa maneno.

Mfano mwingine uko ng'ambo ya mpaka, ila unatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1996 ilichapishwa makala kutoka Bagamoyo, Tanzania, juu ya degedege, hali ya mtoto mwenye homa kali kukakamaa na kutupa viungo. Kwa madaktari hiyo yaweza kuwa malaria kali, na kila saa inahesabika. Kwa wazazi wengi wa mwambao, homa na degedege ni vitu viwili: homa ni ya hospitali, na degedege, ambalo jina lake linamkumbusha msikilizaji ndege anayempitia mtoto usiku, ni la mganga. Mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga, na wengine huogopa hata kudungwa sindano kabla shambulio halijatulia. Mtu anaweza kulaumu ushirikina. Mimi naona ni leksikoni inafanya kazi yake: imegawa magonjwa mafungu mawili, na kila fungu likapewa mlango wake. Mabango ya malaria yaliyoandikwa "ukiona homa nenda hospitali" yalikuwa sahihi kisarufi na hayakumgusa mama wa mtoto mwenye degedege, kwa kuwa hakuona homa.

Na huyo mganga ni nani? Mtu akisafiri kutoka Msambweni kwenda Tanga atavuka mpaka Lunga Lunga na kuingia Horohoro. Upande wa Kenya, mganga ni wa jadi, mwenye kibuyu, makombe na miti shamba. Upande wa Tanzania, Mganga Mkuu wa Mkoa ni daktari wa serikali mwenye shahada. Neno moja, mita chache za barabara, na mtu amebadilishwa mavazi. Mgonjwa wa Vanga aliye na jamaa pande zote mbili huishi na maana zote mbili bila kuchanganyikiwa. Anayechanganyikiwa ni mwandishi wa kijitabu cha afya aliyekaa Nairobi au Dar es Salaam. Ifahamike pia kwamba Kwale ni nchi ambayo mganga wa jadi angali ana wateja, na msitu wa Kaya Kinondo, uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, ni duka la dawa kwa wanaoijua miti yake. Historia ya hospitali isiyomtaja huyu mshindani wake, ambaye mara nyingine ni mshirika wake, itakuwa historia ya upande mmoja wa barabara.

Hapa ndipo hutokea wasemao: kama ni hivyo, shida ya Msambweni ni Kidigo wala si Kiswahili, basi waachieni wataalamu wa Kidigo. Hoja hii ina ukweli na tusiikimbie. Mgonjwa mzee huanza kwa Kidigo, au kwa Kiduruma akitoka Kinango. Muuguzi aliyetumwa kutoka mkoa mwingine ana Kiswahili cha shule. Daktari huandika kwa Kiingereza. Ngazi hiyo ina vidato vitatu, na katika kila kidato kitu hudondoka. Kiswahili ndicho kidato cha kati, na asiyekiangalia kidato cha kati ataanguka popote atakapoelekea. Tena Kiswahili chenyewe cha kusini si kimoja. Kipo Kivumba cha Vanga na Wasini, kipo Kichifundi cha jirani zao, na mtu aliyeviandikia kwa kirefu ni H. E. Lambert, Mwingereza, katika vitabu viwili vidogo vya 1957 na 1958. Kidigo nacho kilipata mwaka 2004 kamusi yake, Mgombato, iliyoeleza maneno kwa Kiingereza na Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba. Vifaa vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje na kuvitumia.

Upande wa malipo nitapita haraka, ijapokuwa peke yake ungeweza kuwa tasnifu. Ile "bure" ya 1965 ilidumu hadi Desemba 1989, serikali ilipoleta kile kilichoitwa kwa Kiswahili kuchangia gharama. Mpango ulipingwa, ukasitishwa kwa sehemu mwaka 1990, kisha ukarejeshwa. Mwaka 2004 zahanati ikawekewa shilingi 10 na kituo cha afya shilingi 20. Juni 2013 malipo hayo yakafutwa na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bure. Ukaja Linda Mama, uliokabidhiwa NHIF mwaka 2017. Na mwaka 2024 NHIF yenyewe ikatoa nafasi kwa SHA. Yasikilize hayo majina kwa sikio la mtu wa Msambweni. Mchango, kwa desturi, ni kile mtu anachokitoa arusini au matangani kwa moyo wake na kwa kadiri yake. Kuita mchango fedha ambayo bila kuitoa hutibiwi ni kulitia neno jema najisi. Maskini asiyeweza aliambiwa aombe asamehewe, kana kwamba amekosa. Linda Mama, kwa upande mwingine, ni jina lililojieleza lenyewe. Mjamzito wa Lunga Lunga hakuhitaji semina kulielewa. SHA ni herufi tatu za Kiingereza ambazo hazimwambii chochote. Katika fani ya kuwapa watu majina ya haki zao, tumerudi nyuma.

Ahadi niliyoitoa kwa wasemao kwamba tumevuka mpaka naitimiza sasa. Nawaomba watazame neno UKIMWI. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1984. Katika muda usiozidi kizazi kimoja, kifupisho cha Kiswahili kilichobuniwa na wasemaji wa lugha hii kiliingia katika kila kijiji cha Afrika Mashariki, kikatungiwa nyimbo na tamthilia, kikaruhusu watu waseme lisilosemeka. Hakuna daktari aliyeifanya kazi hiyo peke yake. Walioifanya ni watu wa lugha: watangazaji, walimu, washairi, wafasiri. Anayesema leo kwamba maneno ya hospitali si shughuli ya idara za Kiswahili anakanusha mafanikio makubwa pengine kuliko yote ambayo lugha hii imeyapata katika uwanja wa sayansi.

Na kazi haijapungua. Julai 2025, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Kwale, lililoshirikisha watu zaidi ya 20,000. Dawa ya ivamektini ilitolewa kwa kijiji kizima mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu ili mbu wanaowauma watu hao wafe, na watoto wa vijiji vilivyopewa dawa hiyo walipata maambukizi ya malaria kwa asilimia 26 chini ya wenzao. Dunia nzima imezisoma takwimu hizo. Watu wa Kwale, waliozitoa kwa miili yao, wanastahili kuzisoma nao, kwa kirefu, pamoja na maelezo ya asilimia 26 maana yake ni nini na asilimia iliyobaki imekwenda wapi. Kurasa mbili za Kiswahili safi zingetosha. Sioni kwa nini zisiandikwe na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyefunzwa tafsiri, akisimamiwa na mhadhiri mmoja wa lugha na mmoja wa tiba.

Kuhusu historia yenyewe, pana hatari moja ya kuizingatia. Hospitali ni nyumba ya siri. Atakayekwenda kukusanya masimulizi hana ruhusa ya kuandika jina la mgonjwa, ugonjwa wa jirani, wala aibu ya ukoo, hata kama msimulizi mwenyewe ameyataja kwa hiari. Idara zetu zimezoea kukusanya ngano na vitendawili, vitu visivyomdhuru mtu, na mwanafunzi akienda na kinasa sauti chake wodini kwa mazoea hayo ataleta balaa. Afadhali aanze na waliostaafu: wauguzi, wakunga, wapishi, madereva wa magari ya wagonjwa, wahudumu wa maabara waliotazama kwenye darubini mayai ya kichocho miaka ishirini. Hao wanajua maneno yaliyotumika kabla ya mgomo wa madaktari wa 2016 na 2017, uliochukua siku 100, na kabla ya kaunti, na baadhi yao kabla ya kuchangia gharama. Wanaijua sipitali. Wengi wana umri ambao hauwaruhusu kutungoja tumalize kubishana kama hii ni isimu au ni historia.

Wanafunzi wetu watokao Kwale hurudi nyumbani kila likizo ndefu. Wachukue daftari. Maswali yasiwe mengi, na yasiwe yale ya hojaji zenye visanduku vya kutia alama. Kwa mkunga mstaafu, swali la kwanza lingekuwa hili: mama alipomleta mtoto usiku wa manane, akitetemeka mikononi mwake, alisema mtoto ana nini? Na wewe ulimwandika nini?